Naomba unitwike

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Haya ni yale niliyoongea Jumamosi kwenye mkusanyiko wa jumuiya zetu hapa Tukuyu. Wengi mmenipigia mkiuliza, wengine mlikuwa msibani, wengine mvua iliwazuia huko juu, basi binti yangu amesikiliza rekodi ya kwenye simu akaandika kama nilivyosema. Sijapunguza kitu.

Bwana Yesu asifiwe! Bwana asifiwe tena!

Mchungaji, mama mchungaji, wazee wa kanisa, akina mama wenzangu, akina baba nawaona hapo nyuma karibuni sana maana ya leo siyo ya akina mama peke yetu, vijana wa kwaya, na nyie watoto mliokaa mbele hapa kwenye mkeka. Mugonile. Mimi siyo mchungaji na sijasoma theolojia, mimi nanunua ndizi huku vijijini napeleka Uyole na Mbeya mjini, mwaka wa 26 huu, kwa hiyo nitaongea kwa vitu ninavyovishika kwa mikono yangu kila siku. Na nimefurahi mnada wetu wa asubuhi umeenda vizuri, kuku wameisha, mayai yameisha, na ile mikungu mikubwa iliyoletwa kama sadaka yote imepata wenyewe, iko pale nje chini ya mparachichi inasubiri kubebwa.

Nianze na swali. Nani hapa ndani ameshawahi kubeba mkungu wa ndizi kichwani? Nyosheni mikono. Naona karibu wote. Haya swali la pili. Nani ameshawahi kuutoa mkungu chini, ule mkubwa hasa, akajiwekea kichwani mwenyewe, peke yake, bila mtu wa pili? Mmeona mikono ilivyoshuka?

Hicho ndicho nilichokuja nacho leo. Kubeba tunajua. Wanawake wa Rungwe tunabeba, tunapanda nao mlima, tunashuka nao bondeni, mtoto mgongoni na jembe mkononi, tunabeba. Lakini kujitwika hatuwezi! Mwenye nguvu zake zote, mwenye imani yake yote, mkungu ukiwa chini anahitaji mtu mwingine aje ainame naye.

Mama yangu alikuwa na migomba kule chini kabisa karibu na mto, na barabara ilikuwa juu. Alfajiri anakata mkungu, anauburuta mpaka pembeni ya njia, anauegemeza, halafu anasimama. Mimi mtoto wa miaka 7 au 8 namuuliza mama mbona hatuendi, ananiambia tunasubiri mtu. Mtu gani? Mtu yeyote atakayepita. Na huu ukungu wetu mnaujua, huoni hatua 10 mbele, kwa hiyo mtu tulikuwa tunamsikia kabla hatujamwona, miguu inakanyaga matope, na mama anaita, wewe unayekuja, naomba unitwike. Hajui hata ni nani!

Siku moja aliyetokea kwenye ukungu ni jirani yetu ambaye walikuwa hawasalimiani. Ugomvi wa mpaka wa shamba, mti wa mpaka uling'olewa, kesi iko kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikaona mama amenyamaza. Yule mama naye amesimama, mkungu uko katikati yao. Halafu yule jirani akaweka jembe lake chini akainama, hakusema neno, na mama akainama upande wa pili. Sasa nyie mnajua kutwika kulivyo, huwezi kumtwika mtu ukiwa mbali naye, mnashika huku na huku mnanyanyua kwa magoti, na mkungu unapofika usawa wa kifua nyuso zenu zimekaribiana kabisa, unasikia pumzi ya mwenzio, unaona jasho kwenye nyusi zake. Mimi nilikuwa chini yao naangalia juu. Mkungu ukakaa. Mama akasema ndaga, yaani asante. Yule akasema nenda polepole, pale kwenye jiwe panateleza.

Nisiwadanganye, kesi ya mpaka haikuisha siku hiyo, iliendelea mpaka masika yaliyofuata. Ila kuanzia asubuhi ile salamu ilirudi, na mama yangu mpaka anafariki alikuwa anasema, hukumu ya mwenyekiti ilitupa mpaka, mkungu ndio ulitupa jirani.

Mtasema hayo ni mambo ya shamba. Haya twende kwenye Neno, Luka sura ya 23 mstari wa 26. Bwana wetu anapelekwa kusulubiwa, amepigwa usiku kucha, na njiani wanamkamata mtu mmoja anaitwa Simoni wa Kirene. Biblia inasema alikuwa ametoka wapi? Shamba! Ametoka shamba kama mimi na wewe, labda matope bado yako miguuni, anapita zake, na Biblia yetu ya Kiswahili imetumia neno lilelile la mama yangu, wakamtwika msalaba. Wakamtwika. Jamani, Yesu mwenyewe, Mwana wa Mungu, kwenye safari ile kubwa kuliko safari zote, mzigo wake ulishikwa na mtu mwingine aliyekuwa anapita. Na hakuona aibu. Sasa wewe mama unayejifungia ndani na mzigo wako miaka 3 hakuna anayejua, unamwonea nani aibu?

Naomba nikae hapa kidogo maana hapa pananihusu.

Kuna mikopo mnaijua kwa jina, sihitaji kueleza sana, kausha damu. Biashara ilinikwama, lori liliharibika njiani ndizi zikaiva zote kabla ya kufika sokoni, na ada ya mtoto wa kidato cha tano inadaiwa. Nikakopa laki 3. Masharti, unarudisha 12,000 kila siku kwa siku 30. Piga hesabu, ni laki 3 na 60. Walikuja nyumbani wakapiga picha makochi yangu, televisheni, mpaka jiko la gesi, ndiyo dhamana. Wiki ya pili nikakosa rejesho, nikaenda kukopa kwingine nilipe kule, na mwezi wa pili nina mikopo 3, nalipa huyu kwa hela ya yule. Simu ikilia moyo unaruka. Nilikuwa naizima naifukia kwenye ndoo ya unga wa mahindi nisione hata mwanga wake. Mzee wangu, baba watoto, hajui. Watoto hawajui. Na Jumapili mimi huyu niko kwaya mstari wa mbele, kitenge kimenyooka, naimba kwa sauti, mkono juu. Nani angejua? Mngejuaje? Nilikuwa nimesimama kando ya mkungu wangu kwenye ukungu, watu wanapita, nasikia miguu yao, na sikumwita hata mmoja.

Aliyenitwika ni mama mmoja wa jumuiya yetu, yuko humu ndani na amenikataza nisimtaje. Alikuja kuchukua kisu chake alichokisahau siku ya harusi, akanikuta nimekaa kwenye kigoda jikoni saa 5 asubuhi moto umezima. Akaniangalia. Hakusema tuombe, na mimi naamini maombi, ila yeye hakuanza hapo. Alisema una daftari la mtoto lililobaki kurasa? Tukakaa chini na kalamu, nani unamdai, nani anakudai, tarehe ngapi, kiasi gani, mpaka 5,000 ya muuza mkaa iliandikwa. Ilichukua mpaka saa 8. Nilipoona ile jumla ya chini nililia, yeye akaifunga ile daftari, ndipo tukapiga magoti. Kesho yake akavaa viatu vyake vizuri akafuatana na mimi kwa wale wakopeshaji mmoja mmoja, yeye anaongea mimi nimenyamaza, tukaomba kulipa kwa wiki badala ya kila siku. Mmoja alikataa katakata na makochi yakaenda. Wawili wakakubali.

Miezi 11 nimelipa. Nani alilipa? Mimi. Yule mama hakunipa hata 1,000, naye hana. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana nilikuwa nasoma Wagalatia 6 miaka yote nikidhani inajipinga. Mstari wa 2 unasema "mchukuliane mizigo." Unashuka mstari wa 5, unasema kila mtu atalichukua "furushi lake mwenyewe." Sasa tushike lipi? Kumbe ni vitu viwili! Furushi ni lile unalobeba mwenyewe, deni lilikuwa furushi langu, nilikopa mimi nimelipa mimi na ilikuwa haki. Lakini ule uzito wa siri, ile hofu, kule kulala macho wazi, ule ulikuwa mzigo, na ule haukuwa wa kubebwa na mtu mmoja. Alinitwika akanyoosha mkungu ukakaa sawa, safari nikatembea kwa miguu yangu.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Unamwona mwenzio amebeba, kwako ni pamba tu, unashangaa anachoka nini. Ndiyo maana nasema lazima uiname. Ukiinama ukaushika kwa mikono yako ndipo utajua una kilo ngapi.

La pili nataka kusema juu ya ngata.

Ngata wote mnaijua, unachukua jani kavu la mgomba au kanga unaizungusha unaweka kichwani chini ya mzigo. Nawauliza, ngata inapunguza kilo? Haipunguzi hata moja! Mkungu ni uleule. Ila bila ngata unatembea dakika 10 kichwa kinauma unatupa, na ukiwa na ngata unafika. Mimi nimekuja kuona kuomba kwangu kila asubuhi kuko hivyo. Na hili nalisema kwa machozi wapendwa, siyo kwa nadharia.

Mzee wangu alipata kiharusi. Presha ilipanda jioni moja akiwa anatoka chooni, tukamkuta amelala njiani, upande wa kushoto wote umekufa na maneno hayatoki. Niliomba. Mliomba nyie, mlikesha na mimi, Mungu awabariki. Na akaja mhubiri mmoja, simtaji na siyo wa hapa kwetu, akaniambia mbele ya watoto kwamba huyu baba haponi kwa sababu ndani ya nyumba hii imani ni ndogo, na kwamba nikitoa sadaka ya kiasi fulani nitaona. Wapendwa, usiku ule nililala chini pembeni ya kitanda nikawa najipima imani yangu kama mtu anayepima unga kwenye mzani, imepungua wapi, imepungua lini. Nawaambia leo mbele ya mchungaji, yale maneno hayakuwa ya Mungu. Bwana alisema njoni kwangu ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo. Amesema mzigo wake ni mwepesi, hajasema hakuna mzigo. Ni nani aliwahi kuona Yesu anamtukana mtu aliyelemewa?

Kuna Zaburi ya 68 mstari wa 19, shikeni hii, inasema Bwana "siku kwa siku hutuchukulia mzigo wetu." Siku kwa siku. Ngata ya jana imeshalegea, jani limepasuka, lazima usokote nyingine. Sisi Wamoravian hili tulitakiwa tulijue kuliko wote. Kule Herrnhut Ujerumani, mwaka 1728, Wamoravian wenzetu wa zamani walianza utaratibu wa neno moja la siku, ndugu wanapita nalo asubuhi nyumba kwa nyumba, wanaligonga mlangoni kama mtu anayeleta maziwa, na mwaka 1731 wakaanza kuchapa kitabu kidogo chenye neno la kila siku la mwaka mzima, na hakijakatika mpaka leo. Kwanini wasiwape watu maneno yote siku moja wakamaliza? Kwa sababu walijua mtu anabeba siku moja moja. Mimi sasa hivi chai ikiwa jikoni kabla haijachemka nasoma neno langu la siku, moja tu, naomba dakika zile mpaka sufuria linaanza kupandisha povu, nasokota ngata yangu naanza siku.

Na mzee wangu? Mwaka wa 4 huu. Anatembea na fimbo. Mkono wa kushoto haujarudi. Sijui kama utarudi, naendelea kuomba.

Ila ngoja niwaambie jinsi Mungu alivyotuchukulia. Jumuiya walipanga zamu bila kuniuliza. Mnajua mgonjwa wa kiharusi anavyochafua mashuka, na maji yetu ya Tukuyu yalivyo ya baridi mwezi wa 7, vidole vinakufa ganzi kwenye beseni. Walikuwa wanakuja wawili wawili asubuhi, wanachukua mashuka hata sijaamka vizuri, wanafua, wanaanika chini ya bati maana jua hakuna, wanaondoka. Hawakuhubiri. Kuna baba mmoja fundi seremala, hata kuongea kwake ni kwa shida ni mtu mkimya, alikuja na miti ya mkaratusi akachimbia nguzo akatengeneza kishikio toka mlangoni mpaka chooni, hatua 22, nimezihesabu mwenyewe mara nyingi. Akaipiga msasa kwa mkono yote isije ikamchoma mzee kibanzi. Hela alikataa. Ile miti mpaka leo ukipita nyumbani utaiona, sehemu anayoshika mzee imekuwa laini inang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Nikiiangalia ile miti naona Injili.

Sasa hapo ndipo nilipojifunza na baraka. Mwezi wa 5 tangu aanguke, asubuhi namlisha uji, mzee akageuza uso akasema, chai. Neno moja. Chai! Miezi 5 hajasema neno likaeleweka! Nikadondosha kijiko. Jumapili nikataka kusimama kutoa shukrani, halafu nikaogopa. Mbele yangu mtu ameshukuru kwa gari, mwingine kwa mtoto kuajiriwa, mwingine nyumba imefika lenta, mimi nasimama kusema nini, mume wangu amesema chai? Nilisimama miguu inatetemeka nikasema, namshukuru Mungu mzee wangu amesema chai. Kanisa likanyamaza. Halafu bibi mmoja nyuma akaanza kulia, na baada yangu alisimama kijana wa bodaboda, hakuwa kwenye orodha, akasema na mimi nashukuru nimemaliza mwaka sijaanguka na sijamwangusha abiria. Akasimama mwingine, nashukuru mtoto wangu wa darasa la 3 ameanza kusoma, alikuwa hajui hata herufi. Mchungaji nakumbuka ulifunga kitabu cha matangazo ukatuacha tuendelee, ibada ilitoka saa 7. Nawauliza, baraka hizi zilikuwa wapi miaka yote? Zilikuwa majumbani kwetu, ila tuliona ni ndogo mno kuletwa kanisani.

Na wale waliofanikiwa nao nisiwaruke. Huku kwetu parachichi limewatoa watu, tunamshukuru Mungu, vijiji ambavyo vilikuwa vya nyasi leo vina bati na sola. Lakini kufanikiwa nako kuna uzito wake. Kuna familia ilijenga, wakaweka geti, na taratibu wakaacha kuja kwenye jumuiya, siyo kwa kiburi, shughuli zilikuwa nyingi. Mama akaugua ndani ya lile geti siku 4 na hakuna jirani aliyejua. Sisi tulidhani wana kila kitu, hawahitaji mtu. Na wao walidhani tukiwaona wanaomba msaada tutawacheka. Makosa yalikuwa ya pande zote, na la kwetu mimi naliona kubwa zaidi maana sisi ndio tulikuwa wengi.

Nimalizie na jambo gumu, naomba mnisamehe kama litauma.

Kutwika kuna hatari moja. Mmeshanyanyua, mkungu uko usawa wa kichwa, mwenzio bado hajaushika vizuri, halafu wewe unaachia. Nini kinatokea? Unamvunja shingo. Ilikuwa bora umwache na mkungu wake chini.

Na tunaachiaje? Kwa mdomo. Kwa simu. Dada amekuja kwako usiku amekueleza jambo la ndani, umemshika mkono mmelia wote, na kabla hajafika kwake meseji iko kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya, wapendwa tumwombee dada yetu fulani anapitia hili na hili na hili. Tumeipaka rangi ya maombi lakini ni umbea, wapendwa, ni umbea! Na siwasemi nyie. Nilifanya mimi. Nilifanya mimi ambaye siri yangu ya madeni ilitunzwa na mtu mpaka leo. Binti mmoja aliniambia jambo la ndoa yake, nikaliandika kwenye grupu, na kweli moyoni nilijiambia naomba maombi. Watu 64 walisoma. Mume wake alijua kabla ya jua kuzama. Yule binti hakuja kanisani miezi 6, na kila Jumapili naiona nafasi yake kwenye benchi la soprano.

Nilikwenda kwake mara 3. Mara ya kwanza hakufungua. Mara ya pili alifungua akanisikiliza amesimama mlangoni, hakusema kitu, nikaondoka. Mara ya tatu nilikuta anapukuchua maharage, nikakaa chini nikaanza kupukuchua na yeye, hatukuongea mpaka ungo umejaa. Ndipo akasema, mama uliniachia. Nikasema ndiyo, nilikuachia, nisamehe. Amerudi, yuko humu, na ameniruhusu kusema haya, nisingeyasema bila ruhusa yake. Lakini hajawahi kuniambia tena jambo la ndani, na simlaumu. Hiyo ndiyo gharama.

Kwa hiyo mtu akikuambia naomba unitwike, jiulize kwanza, mikono yangu iko tayari kushika mpaka mwisho? Kama haiko tayari mwambie ukweli, mwitie mwingine.

Wazee wetu hapa wanapenda kusimulia wamishenari walivyofika Rungwe mwaka 1891, wamekuja kupitia Ziwa Nyasa, na tunamtaja Theodor Meyer na wenzake, na ni haki tuwataje. Ila mimi siku zote nawaza wapagazi. Hakukuwa na lami wala reli, kila Biblia, kila sufuria, kila msumari ulipanda kichwani mwa mtu. Mpagazi wa zama zile alikuwa anabeba kama kilo 30. Majina yao hayasomwi kwenye sikukuu yoyote. Lakini kila asubuhi kambini, kabla ya kuanza safari, kila mmoja wao alisimama kando ya mzigo wake akamwangalia mwenzie, na mwenzie akaja. Neno la Mungu limefika kwenye milima hii kwa kutwikana!

Nimesikia ngurumo huko upande wa mlima, mvua haiko mbali, kwa hiyo naacha hapa. Kuna mama amesimama pale mlango wa nyuma toka nimeanza kuongea, nimemwona, ana ngata mkononi ameisokota tayari. Mkungu wake wa mnada uko chini ya mparachichi na anakoishi ni mbali, mpaka ashuke bonde apande tena.

Nani anakwenda kumtwika?